Sindano na Bangili ya Mama

Jumanne, 1 Desemba 1953. Msitu wa Omate.
Mvua tangu asubuhi. Mgongo unauma. Tunakata njia nyembamba ya kupimia, twende tukutane na kundi linalotoka upande wa Kashebere. Njia mbili zikikutana, kazi imekwisha na camion, lori la kazi, inaturudisha Masisi. Monsieur, Mzungu mpimaji wetu, amesema kabla ya Noeli. Verdiane wangu atazaa wiki ya Noeli. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa na kuzikwa nikiwa kazini. Huyu nataka nimwone akilia. Basi.

Papa Théophile, kapita anayetusimamia, ndiye anayetazama busole, dira ya kupimia. Mimi naishika miguu yake mitatu isitikisike. Sindano moja ndogo, na kundi zima la wanaume linaitii! Nani anaivuta?

Alhamisi, 3 Desemba
Nimemwuliza Papa Théophile. Anasema dunia yenyewe ni sumaku, inaielekeza sindano kaskazini, kwenye nchi ya barafu. Evode, mwenzangu wa kibanda, akacheka. "Papa, barafu inavuta chuma? Basi panga yangu ingekuwa imesha kwenda!" Papa akajibu kwamba panga la Evode limelala kama mwenyewe. Wote tukacheka. Bado sijaelewa. Tena nimeona ncha moja ya sindano imezungushiwa uzi mwembamba wa shaba. Wa nini?

Jumapili, 6 Desemba
Tumesali, tumefua. Monsieur alikuja, amechoka kama sisi. Nikathubutu kuuliza habari ya uzi. Alifurahi! Alichukua chungwa, akalichoma kijiti kikatokea upande wa pili. Dunia ina ncha mbili zinazovuta, anasema, na huku kwetu mkia wa kusini wa sindano unataka kuinama ardhini. Uzi unaongeza uzito upande wa kaskazini, sindano ilale sawa. Tena, pale inapoelekea si kwenye kichwa chenyewe cha dunia, ni kando. Na hapo kando panahama, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Kaskazini inatembea! Na sisi tunakatazwa kutoka kambini bila ruhusa.

Chungwa tulilila.

Jumatatu, 7 Desemba
Matata. Monsieur alitazama nyuma, fito tulizosimika hazifuatani. Njia imepinda. Aliuliza nani anakaa karibu na busole. Wote wakatazama mkono wangu.

Kwetu mtu anayekwenda mbali huvalishwa bangili ya chuma. Mhunzi anaifunga, na siku ya kurudi mama ndiye anayeivua, si mwingine. Mama yangu, Mukagasana, aliishika mkononi usiku kucha kabla sijaondoka.

Papa Théophile alivuta mkono wangu hadi kwenye kioo cha busole. Sindano ikaifuata bangili kama kuku anafuata mahindi. Hakuna aliyecheka. "Hakorimana, wewe njo umetupoteza!" Evode huyo. Papa alisema polepole: "Kaka, ukate hiyo kitu. Tukirudia njia yote, camion itatuacha."

Jumanne, 8 Desemba
Nimeikata kwa tupa. Vipande viwili na vumbi lake nimevifunga katika kitambaa. Sitaacha kitu cha mama porini. Mkono umekuwa mwepesi kama wa mtu mwingine.

Jumatano, 9 Desemba
Tumerudi pale njia inapoanza kupinda. Mkono wangu mtupu. Mapanga yote yako mbali, kitambaa nimekitundika mtini. Sindano ikageuka tena!

Papa Théophile akasogeza busole mbele kidogo. Sawa. Akairudisha. Ikageuka. Tukafunua majani na udongo. Chini kuna mwamba mweusi, mzito. Nikabandua kipande, nikakimbia nacho kwenye kitambaa. Vumbi la bangili likaruka, likasimama juu ya jiwe kama nywele za mtu aliyeogopa!

Kumbe iko jiwe. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Mama nitamwambia nini?

Evode akanishika bega. "Kaka, tupa hiyo! Muzungu akiiona, tutachimba hapa mpaka Pasaka." Papa Théophile anasema tuzunguke mwamba, tunyooshe njia, tunyamaze, siku chache tutakuwa tumekutana na wale wa Kashebere. Wana haki wote wawili. Verdiane hawezi kungoja Pasaka.

Lakini jiwe hili lina kaskazini yake? Nikilivunja, kila kipande kitakuwa na ncha mbili? Nani alilifundisha kuvuta? Swali linaniwasha kuliko funza, na wa kuniambia ni mmoja tu.

Naandika nimekaa kwenye mti ulioanguka. Jiwe liko kwapani. Monsieur anapanda kutoka mtoni, matope hadi magotini. Ameita jina langu kabla ya la kapita. Evode ananikanyaga mguu. Monsieur anatabasamu, ana chungwa mkononi, anauliza leo nimepata swali gani—