Ubeti wa Mafiga

Mjomba Almasi, shikamoo.

Marahaba nimejiitikia mwenyewe. Ungekuwepo ungeniacha kwanza nisubiri, pini zimekujaa mdomoni, kisha ungeitika kwa pua. Cherehani yako bado ipo Mwanga, kwenye kibaraza kile kile. Anaitumia Shabani, uliyemfundisha suruali na gitaa kwa pamoja. Suruali zake bado zinapinda mguu wa kushoto, lakini gitaa analipiga mpaka nageuka kuangalia kama si wewe. Ulisema ndivyo itakavyokuwa.

Arobaini yako tuliisoma Ujiji na watu walijaa mpaka uani. Baada ya dua kila mtu alikuwa na lake la kusimulia. Mzee mmoja wa Rusimbi alikumbuka mwaka wa Uhuru, uliposimama mbele ya watu na lile gitaa ulilolitoa ng'ambo ya ziwa, lina nyuzi nne tu. Mtu akakuuliza mbili ziko wapi, ukamwambia zimebaki kwa mkoloni. Watu walicheka msibani, Mjomba, na sikuona vibaya. Mwingine akaeleza jinsi bendi kubwa ya Dar es Salaam ilivyokuita, tiketi ya treni imekwisha kukatwa, nawe ukarudi kutoka stesheni na sanduku lako. Tukadhani umeogopa. Ukasema huko Dar nani atakupimia nyimbo.

Wageni hawakuelewa maana yake, ikabidi niwaeleze. Niliwaambia kwamba wewe hukuwa na daftari. Wimbo ukishaiva kichwani ulishuka nao asubuhi ufukweni Katonga, ukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, ukawaimbia akina mama wanaoanika dagaa mchangani, mama yangu akiwa mmojawapo. Hukuwauliza kama wameupenda. Ulikwenda zako kushona. Ukirudi siku ya tatu ukawakuta wanauimba huku wanageuza dagaa, wimbo umepita. Ukikuta kimya, uliuacha na hukuutaja tena. Mimi nililia mara mbili kwa ajili ya nyimbo ulizoziacha hivyo, wewe hata mara moja.

Sasa nifike kwenye jambo langu, maana barua hii ni yake.

Unakumbuka ule mwaka wa kuhamia vijijini, bendi yetu, wewe gitaa na mimi sauti, ilipotakiwa iwe na wimbo siku ya sherehe. Ukatunga "Tumehamia". Ubeti wa kwanza majirani wapya, wa pili shule na kisima, wa tatu mwanamke aliyeacha mafiga yake kwenye nyumba ya zamani. Katonga waliupokea siku ile ile, hawakungoja ya tatu. Asubuhi ya sherehe bwana mmoja wa kamati akaniita pembeni. Hakufoka. Alisema tu kwamba ule ubeti wa mafiga unawarudisha watu nyuma, na kwamba mimi ni msichana mwenye akili. Wewe hukuambiwa kitu kwa sababu walijua utakavyojibu.

Nikauruka. Nilimaliza ubeti wa pili nikaingia moja kwa moja kwenye kiitikio, nikiangalia viatu vyangu. Uligeuza uso ukaniangalia, mkono ukaendelea kupiga. Tulipokuwa tunafunga vyombo ulisema, "Mafiga mawili hayainjiki chungu, Zena." Basi. Nilingoja unigombeze, ungenigombeza ningepona.

Badala yake ukafanya lile ulilolifanya. Toka siku hiyo kila dansi, tukimaliza ubeti wa pili, uliupiga ubeti wa tatu kwa gitaa peke yake, mzima, bila maneno, huku umenitazama. Ulikuwa unaningoja niingie. Watu wakadhani ni pambo la gitaa, wakalipigia makofi. Shabani naye akajifunza hivyo hivyo. Mwanzoni sikuingia kwa woga. Baadaye nilikuwa tayari kuingia, lakini maneno yalikuwa yamenitoka, na niliona aibu kukuuliza. Miaka mitatu, Mjomba. Kisha ukaumwa wiki moja tu, ukaondoka. Nilikulilia kama baba, na katikati ya kilio nikawa nautafuta ule ubeti.

Mwezi uliopita watu wa redio walikuja na mashine yao ya kurekodi, wakaiweka ukumbini Mwanga. Katika nyimbo zako zote wakautaka kwanza "Tumehamia". Tulikuwa na siku moja ya kujiandaa. Shabani akasema tupige kama siku zote. Nikamwambia siku zote tumekosea, nikamweleza kila kitu, naye akakaa chini. Akasema basi atunge ubeti wa tatu mwenyewe. Nikamjibu ashone suruali.

Nikashuka Katonga kwa mama. Lakini ilikuwa mbalamwezi, taa hazivuti dagaa, mitumbwi imepumzika, ufukwe mtupu. Nikamkuta dada yako nyumbani anachambua mchele pamoja na wenzake wawili. Nikamwomba anitajie ubeti wa mafiga. Akafungua mdomo, akaufunga. Wenzake vilevile. Mmoja akaanza vizuri akaishia kwenye kisima. Walikuwa wameuimba mara elfu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuusema. Nilitaka kulia. Mama akautua ungo, akaangalia mikono yake.

"Huu wimbo hatujawahi kuuimba tumekaa," akasema. "Twendeni mchangani."

Mjomba, ungewaona. Wanawake watatu watu wazima wameinama juani kwenye mchanga mtupu, wanageuza dagaa ambao hawapo. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu wakauliza kama jua limewapanda kichwani. Mama alirudi nyuma hatua kwa hatua kama kawaida yake, mkono unakwenda kulia, unakwenda kushoto, wakaimba wa kwanza, wakaimba wa pili, na walipofika mwisho wa safu ya dagaa, pale ambapo huwa wananyoosha migongo, ukatoka wenyewe:

*Mafiga nimeyaacha, jivu bado lina moto,*
*mlango sikuufunga, nani ataniibia?*
*Mwambieni mpita njia asilikalie figa,*
*hapo ndipo mama yangu alinipikia uji.*

Nililia hapo hapo na mimi nikiwa nimeinama. Mama akaniambia nisilie juu ya dagaa, wataoza. Tukaurudia mpaka magoti yakauma.

Kesho yake nilikwenda ukumbini na wale wale watatu. Kwa kuwa ni mbalamwezi walikuwa na nafasi, na wengine wanne wakafuata, wote wamevaa khanga za harusini. Tulipofanya jaribio, bwana wa mashine akaona maneno yamezidi yale yaliyoandikwa kwenye karatasi yake. Akaniuliza kwa upole kama huo ubeti wa mwisho hatuwezi kuuacha, wimbo uwe mfupi. Na mimi ni yule yule aliyeulizwa kwa upole mara ya kwanza. Nilihisi macho yanataka kushuka kwenye viatu. Nikayazuia.

"Mafiga mawili hayainjiki chungu," nikamwambia.

Alinitazama, akawatazama akina mama nyuma yangu, akarudi kwenye mashine yake. Tukaanza. Nikamaliza wa pili, Shabani akaingia na gitaa lako pale pale ulipokuwa unaningoja, nami nikaingia. Akina mama waliitikia wameinama kidogo, mikono inakwenda, maana hawajui kuuimba vinginevyo.

Sijui kama watautangaza wote au wataukata huko Dar. Wakiukata ni shauri lao, Katonga hakuna mkasi. Mbalamwezi ilipokwisha mitumbwi ilirudi imejaa, na mama ananiambia siku ya kwanza wanawake walianza na ubeti wa tatu, wakarudi wa kwanza baadaye. Nina hakika ungejifanya umekasirika.

Nakuomba radhi kwa yale niliyoyaruka. Naomba mara moja tu, kwa sababu najua usivyopenda kiitikio kirefu. Na nakuahidi kwamba maadamu sauti ninayo, hakuna atakayeniita pembeni nikarudi na wimbo pungufu. Nyimbo anazotunga Shabani nimemwambia azipeleke mchangani kwanza. Wimbo wa kwanza wameunyamazia, anatunga mwingine.

Jumamosi tunapiga Ujiji, karibu na ulipolala. Pumzika, Mjomba. Tukimaliza ubeti wa pili usinitazame tena kwa kuningoja. Nimeshaingia.

Mpwa wako,
Zena