Maneno ya Ukuta wa Sebuleni

Jumamosi, usiku

Mpaka leo asubuhi chokaa ilikuwa imeshindwa tena. Kila ilipokauka masizi waliyoandikia yalijitokeza, na maneno ya wale askari waliokaa humu wakati wa vita yalisomeka juu ya kochi: "Mutu narudi hapa, sisi naua yeye."

Binti yangu Zuhura aliapa kwamba hawaleti wajukuu nyumbani kwangu mpaka maneno hayo yafutike. Tulipokuwa tumekimbia, mume wake alirudi kuchukua cherehani tu. Walimuua chini ya ukuta huo.

Leo Zuhura alikuja kunisaidia kupaka. Nikiwa na brashi mkononi, ulimi ukaniteleza: "Mtu akirudi hapa, tutamuua. Ndivyo inavyosemwa."

"Baba! Unawasahihishia?"

Akachukua nyundo, akaupiga ukuta kwa nguvu zake zote. Plasta ikaruka, kidole kikachanika, damu ikatapakaa kwenye chokaa mbichi. Nikamsihi aache.

"Wao waliacha?" Akapiga mpaka matofali yakabaki wazi.

Akaondoka bila kuaga. Kama atawaleta watoto, sijui. Ukutani hakuna neno tena. Tishio aliloondoka nalo masikioni ni la sauti yangu, na halina kosa.