Mabati ya Tonton Zakaria

Kisangani, Jumatano

Yaya Kavira, dada yangu mukubwa,

Niko muzima, ila moyo ni muzito. Hapa mvua inanyesha kila siku. Leo tulikula lituma ya ndizi na samaki kwa mujomba wetu, Tonton Zakaria, chini ya kelele ya mabati yake mapya.

Wiki iliyopita redio ilimwita kwenye mjadala: foni ndogo za mitaa, hizi redio za upepo tunazosemeshana nazo toka muji hadi muji, zifungwe ao ziachwe? Watu wanamwamini, alifundisha nusu ya mtaa. Akasema zifungwe, zinatoa siri za vita, ile foni kubwa moja ya katikati ya muji inatosha. Hakusema kwamba mwenye foni kubwa ndiye alimupa mabati.

Leo Tantine, bibi yake, akamuuliza mezani, "Ungesema tu kama alikulipa."

Tonton akajibu, "Bon, kama ningesema, nani angenisikiliza?"

Jana askari walibeba foni ndogo zote. Ile kubwa haiongei na Butembo, wanasema nyinyi kule muko upande wa adui.

Jumapili baada ya misa Mama atakaa tena kwenye benchi ya foni huko kwenu, angoje waite jina lake, na mimi sina tena foni ya kumuita. Kama kadi hii imefika mbele ya siku hiyo, umushike mukono, umurudishe nyumbani polepole.

Nakukumbatia,
Masika