Nani Alileta Kengele ya Rubondo

Alhamisi, 1/8/2024. Ruharo, Mbarara

Nina miaka sabini na moja. Vita vitatu vimepita, mimi nimebaki. Kolera imepita. Bisikileti nne zimekufa mikononi mwangu. Ng'ombe wote wa baba wamekwisha. Na yule daktari wa Uvira aliyesema sitafika Pasaka — yeye ndiye hakufika! Mke wangu Libérate pia amenitangulia, mwaka wa tatu huu.

Leo asubuhi wamenifungua jicho la kuume hapa hospitali. Naona! Naona hata misumari ya mlango. Muuguzi akaniambia nisome herufi za ukutani. Nikasoma zote mpaka chini, hata pale, fasi ambayo hakuniuliza. Akasema inatosha, mzee. Nikamwambia bado.

Daftari ni la binti yangu Chantal, ndiye aliyenisindikiza. Kuandika nilijifunza nikiwa na miaka sitini na mbili, shule ya wazee kule kwetu Rubondo, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Nilikuwa wa kwanza darasani. Tulikuwa sita.

Sababu ya kupasuliwa jicho ni kitabu. Kanisa letu linatimiza miaka ishirini kule Nakivale, na mwalimu Emery ameandika historia yake. Miaka minne iliyopita alizunguka nyumba kwa nyumba na simu yake, ananasa sauti zetu. Kwa wengine alikaa saa moja. Kwangu siku mbili! Kwa hiyo nimo ndani, na si kidogo. Kengele yetu ni jante, chuma cha gurudumu la gari la misheni. Tuliitoa nyumbani, juu ya milima ya Uvira, siku tulipokimbia. Kila mtu Rubondo anajua ni Néhémie aliyeileta. Ndiyo maana naigonga mimi, miaka ishirini, kwa nondo yangu mwenyewe. Hakuna mwingine anayegusa.

Jumapili ya tarehe 11 kitabu kinafunguliwa. Aliyeleta kengele ataitwa mbele, avalishwe kitenge mbele ya watu wote. Na ukurasa wangu sitaki kusomewa. Nitausoma mwenyewe.

Jirani wa kitanda ni Sulaiman, mwanajeshi wa kambi ya hapa mjini. Nimemweleza kengele yote, tangu milimani mpaka hapa. Akasema, "Banange! Mzee, wewe iko ndani ya kitabu? Mimi nafanya jeshi miaka ishirini na mbili, hakuna mtu naandika mimi hata kwa karatasi ya sigara." Nimemwahidi kitabu kimoja. Nitakitia sahihi.

Jumamosi, 3/8

Nyumbani. Chantal hataki nitoke, vumbi. Nimetoka. Nimevaa miwani nyeusi ya hospitali, watu wananisalimu kama mtu wa serikali. Nimewaambia wote wawahi Jumapili. Wanakwaya, mafundi wa kisima, hata Waadventista.

Jumatatu, 5/8

Vitabu vimefika! Sanduku mbili, vitabu makumi manane. Emery amezifungua kwake uani, tukajaa kama siku ya mgao wa mahindi. Baada ya nusu saa hakuna aliyefurahi. Wanakwaya wana picha, lakini vichwa vimekatwa juu, wamebaki mikanda na viatu. Appolinaire, jirani yetu wa tangu nyumbani, ndiye aliyetoa mabati ya kwanza ya kanisa. Amepekua mbele na nyuma. Kitabu kinasema: "mabati yalipatikana." Appolinaire akapiga kelele, "Yalipatikana! Yaliota sawa uyoga?"

Emery maskini, jasho tu. Akasema, "Kila mutu anatafuta jina yake. Hakuna hata mumoja mwenye kusoma kitabu."

Mimi nikacheka. Wangu ni ukurasa wa kumi na nne, aliniambia yeye mwenyewe. Nikaenda pembeni, nikaweka kidole, nikasoma neno moja moja. Si ukurasa. Ni nusu. Nanukuu hapa nisije nikasema nimeota:

"Kengele ililetwa na mama Libérate. Aliishusha kwenye mti wa kanisa kule nyumbani, akaibeba kichwani siku nne kwa miguu, na mtoto mgongoni. Mume wake alitangulia, akiangalia usalama wa njia."

Basi. Mume wake! Hata jina hakuna. Siku mbili nilimwambia yule mwalimu, nikamlisha samaki!

Na Chantal amesoma juu ya bega langu, akaruka. "Papa! Huyu mutoto ku mugongo ni mimi! Niko mu kitabu!" Akazunguka uani anawaonyesha watu. Katika Rubondo nzima, yeye peke yake ameridhika. Jina lake pia hakuna.

Jumanne, 6/8

Sikutoka. Chantal ameuliza kama jicho linauma. Nimesema ndiyo.

Haliumi.

Jumatano, 7/8

Nimekwenda kwa Emery. Sikukaa kwenye kiti alichonipa. Nimemwambia kitabu chake ni cha uongo, kirudi Mbarara kikachapwe upya. Akasema haiwezekani, zimebaki siku nne tu kufika Jumapili. Nikasema basi ng'oa ukurasa. Akasema upande wake wa nyuma kuna picha ya pasta, atang'oka naye.

Nikamwuliza nani alimpa maneno hayo. Akanitazama. "Mama mwenyewe, Papa Néhémie. Ile siku ya pili, wakati ulienda kugonga kengele. Nilibaki naye ku jikoni."

Sikujua. Miaka minne! Na hakuniambia, yule mama.

Akatoa simu. "Sauti yake iko humu. Nikufungulie?"

Nikasema hapana. Nikasema betri yako itaisha.

Lakini Emery ni kijana mwenye heshima. Tumepatana hivi: "Lete shahidi mumoja mwenye alitembea ile njia na ninyi. Akisema ni wewe, nitabandika karatasi ku vitabu vyote makumi munane, na jina yako juu." Tayari amekata karatasi zake, ziko kwenye beseni, na kopo la gundi.

Shahidi aliye hai ni mmoja tu. Appolinaire. Na mimi na Appolinaire hatujaongea vizuri tangu nguruwe wake aingie kwenye maharage yangu, 2019.

Ijumaa, 9/8

Nimekwenda. Sikusema habari ya nguruwe, na hilo si jambo dogo kwa mtu kama mimi. Alikuwa anapukuchua mahindi. Akanisogezea kibao na gunzi. Tukapukuchua kwanza. Mimi ni mwepesi kuliko yeye.

Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa.

"Muzee, mi nitasema vile unataka. Wewe uko hai, Libérate alikufa, Mungu amupokee. Jumapili nitavaa koti, nitasimama, nitasema: ni Néhémie. Na wewe utasema mabati ni ya nani. Sivyo?"

Nikasema ndivyo. Nikanyoosha mkono. Hakuushika.

"Ila niambie wewe na mimi tu, hapa. Ulikuwa umebeba nini?"

Nikachukua hindi jingine, nikaendelea kupukuchua.

"Redio," akasema. "Ulikuwa na redio ku bega. Na ulikuwa mbele sana, sababu haukutaka bantu bajue ule mwenye chuma ku kichwa ni bibi yako."

Kweli watu walikuwa wanacheka njiani. Wenzetu wanakimbia na magodoro na sufuria, mke wangu anakimbia na jante. Mimi ni mtu wa heshima. Nilikwenda mbele hatua mia, mia mbili. Usalama wa njia! Njia ilikuwa na usalama gani? Nilikuwa naangalia mbele ili nisigeuke nyuma.

Nikamwambia Appolinaire: lakini Kabazana nilibeba. Lori lilipotushusha kwenye geti la kupokea wakimbizi hapa Nakivale, shingo ya Libérate ilikuwa haigeuki tena, nikaichukua mimi. Hatua arobaini, nilizihesabu. Karani akauliza hiki ni nini. Nikasema ni kengele ya kanisa, nimeileta. Libérate alikuwa kando yangu. Akamwangalia karani, akatingisha kichwa kwamba ndiyo.

"Makumi ine," akasema Appolinaire. "Ni mingi."

Tukacheka wote wawili. Akaushika mkono. Nimerudi na mahindi kidogo, amenipa kwa lazima. Ni mabovu kuliko yangu.

Jumapili, 11/8

Naandika kwenye goti, nyuma ya kanisa, fasi yangu karibu na jante. Nimeigonga leo mpaka Kabazana wamesikia. Jicho safi. Nimeuona mkunjo wa pembeni, pale ilipoanguka kwenye jiwe njiani. Miaka ishirini naipiga na sikuwa nimeuona.

Kanisa limejaa mpaka nje. Sulaiman amekuja kutoka Mbarara! Na mke wake, na soda. Ameketi mbele kabisa, amemwambia kila mtu yeye ni rafiki wa yule mzee wa kengele.

Pasta anasoma kitabu kwa sauti. Amefika ukurasa wa kumi na tatu, ule wa mabati na picha yake. Aliposema "yalipatikana", Appolinaire alikohoa mpaka kanisa zima likageuka. Amevaa koti kweli. Amenikonyeza.

Emery yuko mlangoni na beseni lake. Gundi bado imefunikwa. Ananiuliza kwa nyusi. Nainamia daftari.

Chantal ameshika kitabu chake kwenye kifua, kidole kiko ndani kwenye kumi na nne. Anangoja mtoto wa mgongoni afikiwe.

Usiku sikusoma kingine, huo huo ukurasa tu. "Akiangalia usalama wa njia." Libérate angeweza kumwambia Emery yote, jikoni pale, mimi sipo. Mambo ya redio. Mambo ya kucheka kwa watu. Alichagua kusema usalama wa njia. Nilikasirika wiki nzima kwamba kitabu kimeninyima, kumbe kimenizidishia!

Pasta amefunga kitabu, kidole kiko ndani. Anasema, kabla ya ukurasa huu, tunaomba aliyeleta kengele yetu asimame. Wanapiga vigelegele. Wote wamegeukia kwangu. Sulaiman amesimama yeye, anapiga makofi. Mwenye kitenge amekikunjua, ni cha kijani.

Nasimama. Daftari bado liko mkononi.

Naandika haraka, kabla sijafika mbele nikaanza kusema mengine, maana najijua: nilimwambia Libérate aitupe kengele. Mara ya kwanza chini ya mti, anaishusha. Mara ya pili mtoni, maji yamemfika kiunoni. Nilimwambia, tupa chuma hicho, mwanamke. Hilo Emery hana. Libérate hakulitoa. Lakini Appolinaire alikuwa nyuma yake hatua kumi, mara zote mbili, na masikio yake ni mazima. Yeye aulizwe.