Ukuta Tuliouvunja Bomang'ombe

S.L.P. 83,
Bomang'ombe, Hai.
14 Septemba 2003

Mpendwa dada Dominika,

Shikamoo. Hamjambo huko Songea? Kifua cha shemeji kimepata nafuu? Sisi tunapumua, namshukuru Mungu.

Nasikia habari imekufikia kwamba mume wangu amekufa kwa gesi. Si kweli, dada. Rogath yu hai. Aliyeanguka ni mwenzake wa kazi, Ebenezeri.

Tangu wapunguzwe kazini, hao wawili wanafyatua matofali kwa majivu ya kiwanda cha sukari na ile chokaa ya kabaidi, masalia ya kuchomelea vyuma ambayo wachomeleaji huyamwaga. Hawayachomi. Huyafungia chumbani na kufungulia mitungi ya gesi ya ukaa, ileile inayotiwa kwenye soda. Chokaa huinywa gesi hiyo, tofali likawa jiwe.

Jumanne Ebenezeri aliingia kabla chumba hakijapata hewa. Gesi yenyewe haina harufu, tena ni nzito, hutuama chini. Aliinama kuokota tofali kule mwisho. Hakuinuka.

Rogath akakimbilia mlangoni. Nikamkamata mkanda.

"Niache, Anyesi, anakufa!"

"Ukiingia mtakufa wote! Vunja ukuta wa nyuma, gesi itoke!"

Chumba kimejengwa kwa matofali yao hayohayo. Nyundo ikawa inadunda tu. Dada, ugumu ule tuliokuwa tukijivunia kwa wateja, siku hiyo nilimlilia Mungu auondoe. Majirani wakaja na sururu. Tofali la chini lilipong'oka, mengine yakafuata, tukamvuta kwa miguu. Midomo imebadilika rangi. Rogath akampulizia pumzi mdomoni hadi akakohoa.

Alilazwa hospitali, na jana akaruhusiwa.

Leo mkewe, Elinipendo, amekuja. Rogath akamwekea kiti, akasimama mbali. Mimi nilingoja matusi, maana ndimi niliyemzuia Rogath mlangoni. Mama wa watu akazunguka chumba, akalitazama lile tundu.

"Msilizibe. Wekeni mlango wa pili hapo," akasema. "Na kabla mtu hajaingia, kitangulie kibatari sakafuni, kama wachimba visima wanavyofanya. Kikizimika, haingii mtu. Nitakishika mimi mwenyewe."

Rogath alikaa chini akalia, mtu mzima.

Nisalimie shemeji, Gladness na mdogo wetu Primus. Bwana awafunike kwa mkono wake, kila pumzi iwe baraka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana,
Anyesi