Krotoni Arobaini na Sita za Mama Nabalayo

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu Alhamisi ile asubuhi ulipoacha kuitika. Tulikuita mara tatu pale kitandani hospitalini. Baba akakuita kwa jina lako la utotoni, Nabalayo, kisha muuguzi akatuomba tutoke nje kidogo. Nimonia ilikuchukua kwa siku sita tu.

Tunakukumbuka ukiwa umeinama chini ya mparachichi wetu hapa Nyamasaria, Kisumu, ulipoweka kitalu chako cha maua. Watu walipita wakiulizia waridi, wewe ukawaonyesha krotoni: majani mekundu, ya manjano, ya kijani yenye madoa, mwaka mzima hayaishi. Ulitaka kivuli kinachopitisha jua kidogo. Ulisema krotoni ikikosa jua kabisa inabaki kijani kitupu, na ikipigwa na jua la mchana inaungua. Kila Jumamosi ulifuta vumbi la barabara kwenye majani kwa kitambaa chenye maji, jani moja moja, ukiimba nyimbo za kanisani bila maneno. Nguo zako zote zina madoa ya utomvu wake. Bado tunazo.

Na mdomo ulikuwa nao. Krotoni ikihamishwa huangusha majani, kwa hiyo wateja wa mtaa wa Milimani walirudi wakilalamika. "Mama Nabalayo, umeniuzia fimbo!" alikuambia Mama Sheryl. Ukamjibu, "Hata wewe ulipohamia Kisumu hukulala vizuri wiki ya kwanza. Kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani, iache. Usiijaze maji, usiing'oe. Ipe miezi miwili." Tulisikia maneno hayo mpaka binti yako Bridget akawa anakuigiza mbele ya wageni, nawe ukicheka kuliko wote.

Aprili mwaka jana mto Auji ulifurika, maji yakaingia kitaluni. Kwa siku mbili za mvua ulihamisha mikebe arobaini na sita ya krotoni hadi kwa jirani yetu Apiyo, ambako kuna mwinuko. Cliff alikuambia, "Mama, si uache tu? Ni maua tu hayo." Ukamwambia, "Maua tu ndiyo yamekuvalisha hiyo suruali. Shika upande huu." Alibeba mikebe miwili, akarudi ndani. Sisi wengine hatukubeba hata mmoja. Tulikuwa tunainua magodoro, tukadhani utaweza peke yako. Siku ya tatu ukaanza kukohoa.

Tulikuzika nyumbani Kimilili, tukakaa huko majuma matatu. Tuliporudi, krotoni zako zote kule kwa Apiyo zilikuwa vijiti vitupu. Majani yalikuwa yamelala chini, mengine bado yana rangi. Baba alisimama akizitazama, akasema, "Zimemfuata."

Hakuna aliyembishia. Apiyo peke yake ndiye aliyesema, "Baba Nakhumicha, si mngengoja kidogo?"

"Ningoje nini tena, Apiyo?"

Cliff alizing'oa moja moja, na jioni tukazichoma nyuma ya nyumba. Zilikataa kushika moto, zikatoa moshi mwingi hadi majirani wakafunga madirisha. Zilikuwa mbichi, Mama. Tuliuona moshi ule na bado hatukuelewa.

Mwezi wa sita Mama Sheryl alikuja kutupa pole, akauliza krotoni ziko wapi. Nakhumicha, kifungua mimba wako, ndiye aliyemweleza. Mama Sheryl akasema, "Nyinyi? Nyinyi watoto wake?" Hakusema kwa ubaya. Baba aliinuka akatoka nje, chai yake ikapoa mezani.

Tunayaandika haya kwa sababu wengi wamekuwa wakituuliza mimea yako ilienda wapi, nasi tumekuwa tukiwajibu kwamba ilibebwa na mafuriko. Hata kanisani tulisema hivyo. Si kweli. Wewe uliiokoa, sisi tukaichoma. Tunaomba radhi kwa kila tuliyemdanganya, na kwako kwanza. Maneno uliyomfundisha kila mgeni aliyeingia langoni, sisi wa nyumbani tuliyasikia kama wimbo tu. Tusamehe, Mama.

Mwezi wa pili mwaka huu Mama Sheryl alirudi na vipandikizi kumi na viwili, alivyokata kwenye krotoni ulizompandia kando ya nyumba yake. Sisi watoto tulinyoosha mikono kuvipokea. Alitupita akampa Baba.

Unakumbukwa na mume wako Wakoli; wanao Nakhumicha, Cliff na Bridget; dada zako wa Kimilili; jirani yako Apiyo; na akina mama wote wa jumuiya yako ya kanisa. Hutasahaulika katika nyumba hii siku zote tutakazoishi.

Vipandikizi saba vimeoza. Vitano vimetoa mizizi, na Baba huvimwagia maji kila Jumatano, bila kuvijaza.