Jumamosi Yangu Inaishia Kazini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, mimi ni mke wa miezi minne tu na nina furaha mpaka naona aibu kulalamika, mume wangu ni fundi viatu, akiniita "malkia" mbele ya wateja wake nayeyuka kabisa, ila nimechoka, mshauri, nimechoka hadi kwenye nyayo. Nafanya kazi kwenye maonyesho ya kidijitali ya mchoraji mmoja maarufu, unaingia ukumbini picha zake zinamwagika ukutani, sakafuni, hadi kwenye nguo zako, mara utoto wake, mara mapenzi yake, mara kifo chake, halafu taa zinawaka nami nasema, "Mlango wa kutokea kushoto," yaani maskini anakufa mara tisa kwa siku na mimi nimesimama. Humo ndimo tulimojuana na mume wangu, aliniuliza kama sichoki nikamjibu kama msimamizi alivyotufundisha, "Kwangu kila siku ni kama mara ya kwanza," akaniamini, akaniposa humo humo, na tangu tuoane kila Jumamosi, siku yangu pekee ya kupumzika, ananiambia, "Malkia, vaa twende kwako," nami naenda naye ukumbini, wenzangu wananicheka, "Bibi harusi, leo umekuja kupiga zamu ya bure?" Juzi nilisinzia begani pake, akadhani nimezidiwa na hisia, akalia yeye. Sasa Jumamosi hii anataka kutukatia kadi za kuingia humo mwaka mzima. Nikimwambia ukweli, si atadhani hata ile "ndiyo" ya posa nilifundishwa?

Bibi Harusi Mchovu

Jibu:

Pole, mwanangu, lakini acha mchezo. Mumeo hana kosa. Anakupeleka anakodhani una raha. Wewe ndiye uliyehamishia jibu la kazini nyumbani. Usimtume wifi, wala usimwambie mkiwa mmeshafika ukumbini. Leo akifunga kibanda, mketishe umwambie: "Mume wangu, lile jibu la kwanza lilikuwa la msimamizi. Ile 'ndiyo' ya posa ilikuwa yangu." Usipunguze makali kwa kusema umechoka kidogo. Atanuna siku mbili. Mwache anune, usimbembeleze kwa uongo mwingine. Kadi zisikatwe. Jumamosi lala mpaka uchoke kulala, kisha umuulize yeye anapenda kwenda wapi, maana kwa barua yako ndefu hivyo, sijaona ulipowahi kumuuliza.